Mabaki ni ya Nani?

Mjane mmoja wa uwanda wa Ruzizi alitupa swali, nasi tumelibeba miezi mingi bila kulitua. Mama huyo hufuga bata. Kwa miaka mingi alikwenda kila Jumamosi kwenye mashine ya kukoboa mpunga, akazoa pumba zilizolundikwa nyuma ya nyumba. Hakuna aliyemzuia. Mwenye mashine alifurahi hata, maana lundo lilimzibia njia, na wakati wa mvua lilioza na kunuka. Pumba laini aliwapa bata. Maganda makavu aliyashindilia katika kopo la bati, akiacha tundu katikati, yakawaka polepole mpaka maharagwe yakaiva. Majivu aliyamwaga penye migomba.

Ndipo wakaja vijana wanne wa parokia, watu wa bidii, wasiopenda kukaa bure. Walijifunza kuyachoma maganda mpaka yawe meusi pasipo kugeuka majivu, kuyachanganya na uji wa muhogo, kuyakaza katika kalibu ya chuma na kuyaanika juani. Hupata vidonge vya makala vinavyowaka vizuri katika babula, na watu huvinunua. Padri aliwasifu mbele ya wakristo wote, na kwa haki. Lakini mwenye mashine, alipoona pumba zinatafutwa, akaziwekea bei: kila mfuko na franka zake. Jumamosi iliyofuata mjane alirudi nyumbani na gunia tupu.

Swali lake ni hili: «Nani ameniibia?»

Mtu mwepesi atajibu: Hakuna aliyekuibia, mama. Pumba zilikuwa za mwenye mashine, alikuachia kwa hisani, sasa hisani imekwisha. Jibu hilo linafuata sheria ya soko, wala si la kijinga. Lakini sisi halitutulizi, na tunaomba msomaji atuvumilie tukilichungua polepole, kwa sababu jambo hili si la mashine moja ya mpunga. Siku hizi katika dunia nzima watu wenye elimu wanatafuta njia ya kugeuza majani, maganda, maranda ya mbao, kinyesi na takataka za jikoni kuwa moto, mafuta ya magari, umeme, mbolea. Kila mahali wanasema neno lile lile: tunatumia kitu kisicho na mwenyewe. Ni kweli hakina mwenyewe?

Kwanza tufahamu kazi yenyewe, maana asiyejua kazi hawezi kuihukumu. Mmea hula jua. Kwa maji ya mizizi na hewa ya majani hujijenga mwili, na nguvu ya jua hubaki imefungwa ndani yake. Ukiuwasha, unaifungua. Njia za kuifungua ni nyingi, na wazee wetu walizijua baadhi bila kwenda chuoni. Kila aliyeona watu wakipika lutuku (hatuulizi nani alionja) ajua kwamba muhogo na mahindi yakichachuka hutoa maji yanayowaka. Hayo ndiyo wataalamu huyaita alkoholi, na katika nchi nyingine huyatia katika magari. Kila mchoma makala ajua kwamba kuni zikiwaka chini ya udongo, pasipo hewa ya kutosha, haziishi kuwa majivu: maji na moshi na utomvu hutoka, makala hubaki.

Lakini njia hiyo ya makala ni ya hasara kubwa. Katika tanuri la udongo, kama linavyojengwa huku kwetu, mara nyingi zatakiwa kilo 5 mpaka 10 za kuni kavu ili kupata kilo 1 ya makala. Nyingine yote imepaa na moshi. Sasa hesabu mifuko inayoingia Goma kila siku, kisha zidisha, utajua ni msitu gani unaopita barabarani ukiwa umefungwa kwa kamba na majani juu. Sehemu ya msitu huo hutoka katika mbuga ya Virunga, iliyowekwa tangu mwaka 1925. Mwezi wa Julai 1907 mbuga haikuwapo. Mwezi wa Julai 2007 ilikuwapo, na ngagi wa milimani waliuawa ndani yake kwa risasi, si kwa nyama, si kwa ngozi. Walinzi waliona nyuma ya mauaji hayo mkono wa biashara ya makala: wanyama wakiisha, nani atakuwa na sababu ya kuulinda msitu? Na walinzi wenyewe wamekufa wengi. Kwa hiyo mtu anayetaka kuwadharau wale vijana wanne wa Ruzizi, afikiri mara mbili. Kila kidonge cha maganda kinachowaka katika babula ni kijiti kimoja kilichobaki kimesimama. Wamefanya kazi njema. Hapo ndipo ugumu unapoanza, maana kama wangekuwa wezi, swali la mjane lingejibiwa kwa dakika moja.

Tutoe mfano mwingine, wa ng'ambo ya mto. Baada ya mwaka 1994 magereza ya Rwanda yaliyojengwa kwa ajili ya mamia ya watu yalijaa maelfu. Maelfu hula, na wakila huenda chooni. Kuni za kupikia zilikwisha vilimani, na uchafu ulitiririka chini ya vilima. Mwaka 2001 waalimu wa Taasisi ya Sayansi na Ufundi ya Kigali walianza kazi katika gereza la Cyangugu, mji ule unaotazamana na Bukavu. Walijenga chini ya ardhi mashimo makubwa ya matofali, yenye paa la mviringo kama chungu kilichofunikwa. Uchafu huingia pamoja na maji, hewa haiingii, vijidudu visivyohitaji hewa huula na kutoa gesi ya kuwaka. Gesi hupanda kwa bomba mpaka jikoni. Kile kinachobaki hutoka upande wa pili kimepungua harufu na ubaya, nacho ni mbolea ya shamba. Kuni za magereza yaliyofanya hivyo zilipungua karibu nusu. Mwaka 2005 kazi hiyo ilipewa tuzo la Ashden huko Uingereza.

Wako waliocheka: chakula kilichopikwa kwa choo! Waache wacheke. Gesi ile ni safi, na moto haukumbuki ulikotoka. Sisi tunatazama jambo jingine. Katika kazi ile, mabaki yalirudi kwa wenyewe. Kilichotoka kwa wafungwa kilipika chakula cha wafungwa, na masalio yakaenda bustanini. Hakuna mjane aliyerudi na gunia tupu. Ndiyo maana twausifu mfano huo zaidi ya mingine yenye sifa kubwa kuliko huo.

Mmoja wa hiyo mingine ni wetu, na wachache wanaujua. Mwaka 1937 bwana Chavanne, mwalimu wa chuo kikuu cha Bruxelles, alipata hati ya serikali ya kulinda uvumbuzi wake: aliyachanganya mafuta ya mawese na alkoholi, akapata mafuta mepesi yanayofaa kwa injini za dizeli. Katika mwaka 1938 basi la abiria lilienda kwa mafuta hayo kati ya Bruxelles na Louvain. Fikirini basi: wazungu wameketi kwa adabu, wanakwenda kazini, nao wanasukumwa na ngazi za Kongo! Leo karibu dunia yote hutengeneza mafuta ya jinsi hiyo, na njia ni ile ile, ila mara nyingi hutumia alkoholi ya aina nyingine. Mwenye kupenda elimu atafurahi, nasi twafurahi. Lakini tangu mwaka 1911 serikali ya Wabelgiji ilikuwa imeipa kampuni ya Lever ardhi kubwa sana ya michikichi, na watu wa Kwilu walijua jinsi walivyosukumwa kupanda miti ile na kushuka na vichala. Mwaka 1931 Wapende waliasi. Bei ya ngazi ilikuwa imeanguka, kodi haikuanguka, na waliokufa kwa bunduki walikuwa mamia. Hatusemi kwamba mvumbuzi wa Bruxelles alitenda dhambi. Twasema tu kwamba abiria wa basi lile hawakuwa na dirisha la kumwona yule aliye juu ya mchikichi.

Tena mawese si mabaki. Ni chakula, ni mboga ya sombe na maharagwe, ni mashavu ya mtoto. Hapa hukumu yetu ni rahisi kidogo. Mwaka 2007 huko Meksiko watu waliandamana kwa sababu bei ya mahindi, ambayo ndiyo mkate wao, ilipanda sana, wakati ule ule ambapo Marekani ilikuwa ikizidisha kugeuza mahindi yake kuwa alkoholi ya magari. Siku hizi zaidi ya theluthi moja ya mahindi ya Marekani huenda njia hiyo, ingawa ni haki kusema kwamba masalio yake hurudi kuwa chakula cha ng'ombe. Wataalamu hubishana ni kiasi gani cha bei kilitokana na hayo, na kiasi gani na mambo mengine. Wabishane. Lakini utaratibu wa vinywa haubishaniwi: mtu kwanza. Injini yenye kiu na mtoto mwenye njaa wakiwa mlangoni pamoja, hakuna mkristo atakayeuliza nani alilipa zaidi.

Turudi kwa mabaki yaliyo mabaki kweli. Katika Injili ya Yoane, Bwana wetu alipokwisha kuwashibisha watu 5,000, hakuwaruhusu waondoke hivi hivi. Aliwaamuru wafuasi wakusanye vipande ili kisipotee kitu, wakajaza vikapu 12. Aliyeweza kuzidisha mikate hakukubali makombo yakanyagwe. Wahubiri wengi hulitumia neno hilo kufundisha uwekevu, na vijana wetu wanne waweza kuliandika juu ya mlango wa karakana yao. Lakini Injili haisemi vikapu vile vilienda wapi. Hakika havikuuzwa.

Kwa habari hiyo twapaswa kurudi nyuma, katika Sheria ya Musa. Kitabu cha Walawi chamkataza mwenye shamba asivune mpaka ukingoni kabisa, wala asirudi kuokota masuke yaliyoanguka, wala zabibu zilizodondoka. Hizo ni za maskini na za mgeni. Angalieni vizuri. Haisemi: mwenye shamba akiwa na moyo mwema, awaachie. Yasema: visiguswe. Masuke yalianguka katika shamba la Boazi, lakini Ruthu alipoyaokota hakuomba sadaka, alitumia haki. Boazi aliongeza juu yake: aliwaambia watumishi wadondoshe mengine makusudi. Hiyo nyongeza ndiyo hisani. Ile ya kwanza ilikuwa sheria.

Na Mtakatifu Thoma wa Akwino, ambaye hakuwa mtu wa kubomoa mali ya watu, afundisha kwamba mtu aweza kuwa na mali yake na kuitunza, lakini kile kinachomzidi, kwa haki ya maumbile, chapaswa kuwafaa maskini. Papa Paulo VI alikumbusha hayo mwaka 1967 alipoandika juu ya maendeleo ya mataifa: haki ya mali haisimami peke yake, iko chini ya kusudi la Mungu aliyewapa watu wote dunia hii. Basi pumba zile, wakati zilipokuwa lundo la kumzidi mwenye mashine, tayari zilikuwa na haki ya mtu ndani yake. Mjane hakujua, mwenye mashine hakujua. Haki ililala pale chini ya pumba kama kuku aliyeatamia.

Labda mtu atatuambia: Sasa haimzidi tena, maana imepata bei, iliyopata bei si makombo. Hilo ndilo neno la hatari. Likikubaliwa, basi kila uvumbuzi mpya utakuwa njia ya kufuta haki ya maskini bila kuvunja amri hata moja. Leo pumba, kesho maganda ya muhogo, kesho kutwa mavi ya ng'ombe njiani. Akili ya binadamu ikiongezeka, ukingo wa shamba wapungua. Na bei ina ujanja mwingine: takataka zikinunuliwa, takataka huzaliana. Mahali ambapo mabanzi ya mbao hupata soko, tumewahi kuona mbao nzima zikiitwa mabanzi. Huko Ulaya, ambako mafuta yaliyokwisha kukaangia hupendelewa kuliko mapya katika mambo ya magari, watu wamekwisha kushuku kwamba mapya ya mawese hupita mpakani yakijiita makuukuu.

Na yuko mdai mwingine, asiye na mdomo. Shamba. Mabua na majani yanayooza huurudishia udongo sehemu ya kile ulichotoa, huulinda na mvua, hulisha minyoo. Ukiyachoma, majivu hubaki na chumvi fulani zenye faida, lakini naitrojeni, ambayo ni kama nyama kwa mmea, huenda na moshi. Mtu akiniambia kwamba mabua ya mahindi ni kitu cha bure, namwuliza mwaka wa tano atavuna nini. Sheria ya zamani iliujua udongo kuwa na haki: mwaka wa saba upumzike, na kilichojiotea wale maskini, na wanyama wa porini baada yao. Shimo la gesi lina heshima hapa kuliko tanuri, maana gesi ikiisha kutoka, naitrojeni ingali ndani ya tope, yarudi shambani. Na huko Mampu, mashariki ya Kinshasa, katika uwanda wa Bateke, kuna hekta 8,000 hivi za mikesia zilizopandwa kati ya mwaka 1987 na 1993, kisha zikagawiwa kwa jamaa 300 hivi, hekta 25 kila jamaa. Mkesia hulisha udongo kwa mizizi yake. Watu hukata sehemu, huchoma makala, hulima muhogo na mahindi mahali pale, na mbegu zilizolala ardhini huota upya pamoja na muhogo. Hapo wauza makala, wala hawaibi msitu, wala hawaui shamba. Ni kazi ya subira, na wenye subira si wengi.

Papa Fransisko, katika barua yake ya mwaka 2015 juu ya utunzaji wa nyumba yetu sote, alionyesha jinsi msituni hakuna takataka: jani hulisha mnyama, mnyama hulisha mwingine, masalio hulisha jani. Viwanda vyetu havijajifunza hayo. Twakubali. Lakini tukijifunza kwa namna ya kumwacha mjane nje ya duara, tutakuwa tumejifunza nusu.

Basi tulijibuje swali lake? Kwa maoni yetu vijana hawakuiba. Walilipa walichoombwa, na kazi yao ni njema. Mwenye mashine naye hakuvunja sanduku la mtu. Hata hivyo mjane ameondolewa kitu kilicho chake, na kitu kikiondolewa kwa mwenyewe, wenye kufaidika wana deni hata kama hakuna aliyekusudia. Twaona deni hilo lalipwa na wote wawili: mwenye mashine aweke ukingo, yaani sehemu ya lundo isiyouzwa; na vijana, wanaochoma maganda tu, wapepete kwanza na kuziacha pumba laini, ambazo hazina faida kubwa katika kalibu lakini ni uhai kwa bata.

Tuliyasema hayo mbele yao, katika kikao cha jumuiya, baada ya sala. Vijana walikubali mara moja. Mwenye mashine alinung'unika, akataja bei ya mazuti na ya kipuri kilichoagizwa kutoka Bujumbura, mwisho akakubali mifuko miwili katika kila kumi, kwa wajane wa kijiji, nao wajigawie. Tulidhani tumemaliza. Ndipo mzee mmoja mkulima aliyekaa nyuma akasimama, kofia mkononi, akasema kwamba mpunga unaokobolewa pale ni wake na wa wenzake, wameuleta kichwani, wamelipa ukobozi kwa fedha. Basi maganda yalikuwa ya nani tangu mwanzo, na kwa nini hakuna aliyewauliza? Mashamba yao, alisema, hayazai kama zamani.

Hakuna aliyemjibu. Mwenye mashine alitazama chini. Tumeweka kikao kingine Dominika ijayo, baada ya Misa ya pili, na wakulima wameombwa waje.